Kuchanganya si kuchanganyikiwa

Siku niliporudi na kadi ya chanjo ya korona yenye majina mawili tofauti, mama aliichukua, akaisogeza mbali na uso kama afanyavyo akikosa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akaniangalia.

"Hizi si moja."

Nikamwambia kweli, si moja.

"Kwa hiyo umechanganya?"

Nimechanganya.

Akanirudishia kadi. "Sasa mwanangu, mwili si utachanganyikiwa?"

Nilicheka, maana Kiswahili kilikuwa kimeshamfanyia nusu ya hoja. Kuchanganya, kuchanganyikiwa: kitenzi kimoja kinazaa kingine, na ukikisema haraka kinasikika kama sababu na matokeo yake. Lakini nilipomaliza kucheka nikagundua sina jibu. Dozi yangu ya kwanza ilikuwa AstraZeneca. Ilipofika zamu ya pili, AstraZeneca haikuwepo. Muuguzi akaniambia ipo Pfizer, nichome leo au nisubiri bila tarehe. Nikakunja mkono wa shati. Nilikuwa nimesoma kichwa cha habari kimoja kilichosema kuchanganya kunaongeza kingamwili, yaani protini za damu zinazokinasa kirusi, nikajiona mjuzi. Swali la mama lilinionyesha kwamba nilichokuwa nacho ni kichwa cha habari bila mwili wake.

Nikaanza kusoma. Haya ni niliyoyakuta, pamoja na karatasi moja ya maabara iliyonifundisha zaidi ya nilivyotarajia, ingawa si kwa njia niliyotarajia.

Kwanza hofu yenyewe. Wengi wetu tumekua na onyo la "usichanganye dawa", na ni onyo la haki. Vidonge viwili vikikutana tumboni au kwenye ini vinaweza kuongezeana sumu au kuzimana nguvu. Ila chanjo mbili zinazopishana kwa wiki nyingi hazikutani. Chanjo ya mRNA, kama ya Pfizer au Moderna, ni maelekezo yaliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta. Seli zinayasoma, zinatengeneza protini ya mwiba wa korona, ule uchomozo ambao kirusi hutumia kuingia kwenye seli, na baada ya siku kadhaa maelekezo yenyewe yamemeng'enywa. Chanjo ya AstraZeneca ilibeba maelekezo ya aina hiyo ndani ya adenovirusi ya sokwe, kirusi cha jamii inayoleta mafua, iliyoondolewa uwezo wa kuzaliana. Nayo ilifanya kazi yake na kutoweka. Wiki nane au kumi na mbili baadaye, dozi ya pili inapoingia haiikuti dozi ya kwanza. Inakuta kumbukumbu yake: seli B zilizofunzwa (zinazotengeneza kingamwili), seli T zilizofunzwa (zinazosaka seli zilizoambukizwa), na kingamwili zinazozunguka kwenye damu.

Kwa hiyo kitenzi "kuchanganya" ndicho kilichotuponza. Hakuna aliyekoroga kitu na kitu. Kilichofanyika ni kufuatanisha, kama mwanafunzi aliyefundishwa somo lilelile na walimu wawili, mmoja muhula huu na mwingine muhula ujao. Nilijaribu kumweleza mama hivyo. Akasema walimu wawili wakifundisha somo moja ndipo mtoto anapofeli. Nikaachana na mfano huo.

Wazo lenyewe lina umri kuliko korona. Watafiti wa malaria na UKIMWI walikuwa wakijaribu tangu miaka ya 1990 kuanza na chanjo ya aina moja na kumalizia na ya aina nyingine. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliidhinisha chanjo ya Ebola ya Johnson & Johnson ambayo imetengenezwa makusudi kwa dozi mbili zisizofanana: ya kwanza inabebwa na adenovirusi namba 26, ya pili, takriban wiki nane baadaye, inabebwa na kirusi kingine kabisa kiitwacho MVA. Na Sputnik V ya Urusi, ambayo watu waliijadili kwa siasa zaidi ya sayansi, ilikuwa mchanganyiko tangu siku ya kwanza: dozi ya kwanza adenovirusi 26, dozi ya pili adenovirusi 5. Waliomaliza dozi mbili za Sputnik V wote walichanganya, hata kama kadi zao zilionyesha jina moja.

Kwa nini mtu abadilishe mbebaji? Hapa ndipo nilipopenda. Waswahili husema mjumbe hauawi. Mwilini mjumbe huuawa, na akija mara ya pili huuawa mapema zaidi. Adenovirusi ni mjumbe aliyebeba barua, na barua ni maelekezo ya kutengeneza mwiba wa korona. Ulinzi wa mwili, ukiwa hauna habari kwamba adenovirusi hiyo ni gari tu, huijifunza barua na humjifunza mjumbe pia. Dozi ya pili ikiletwa na mjumbe yuleyule, baadhi ya wajumbe wanakamatwa mlangoni kabla barua haijasomwa. Ukibadilisha mjumbe, barua inafika. Vitone vya mafuta vya mRNA havina shida hiyo kwa kiasi hicho, ndiyo maana Pfizer juu ya Pfizer bado inafanya kazi vizuri sana.

Kuna jambo la pili, dogo kwa macho lakini la maana. Mwiba wa korona ni kitu kinachobadilika umbo: una sura moja kabla haujaingia kwenye seli na nyingine baada ya kujichomeka. Kingamwili bora zaidi ni zile zinazoutambua ukiwa katika sura ya kwanza. Pfizer, Moderna na Johnson & Johnson waliubadilisha mwiba wao sehemu mbili ili ubaki umefungwa katika sura hiyo. AstraZeneca hawakufanya hivyo. Mtu aliyeanza na AstraZeneca na kumalizia na Pfizer ameonyeshwa adui yuleyule katika mikao miwili.

Lakini hayo yote ni nadharia, na nadharia nzuri zimeshawahi kufa maabara. Mwaka 2021 ulilazimisha jaribio lenyewe. Machi mwaka huo nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha AstraZeneca kwa muda baada ya kuonekana visa adimu vya damu kuganda pamoja na upungufu wa chembe sahani, zile chembe zinazosaidia damu kuganda. Mamilioni walikuwa tayari na dozi moja mkononi, wengi wao vijana, na swali likawa: hawa wamalizie na nini? Ujerumani haikusubiri. Tarehe 1 Aprili kamati yake ya chanjo ilishauri wenye umri chini ya miaka 60 walioanza na AstraZeneca wamalizie na mRNA, wakati data za binadamu zilikuwa chache mno. Angela Merkel mwenyewe, kansela wao wa wakati huo, alichoma AstraZeneca mwezi huo wa Aprili na Moderna mwezi Juni. Kuna walioona ni ujasiri na kuna walioona ni kubahatisha. Mimi naona kilikuwa kitendo cha watu waliosoma kinga ya mwili vizuri kiasi cha kujua kwamba hatari ya kufanya hivyo ilikuwa ndogo kuliko ya kuwaacha watu na dozi moja.

Uingereza walikuwa wameshaanza kupima. Februari 2021 timu ya Oxford chini ya Matthew Snape ilianzisha jaribio lililoitwa Com-COV. Watu 830, wote wa miaka 50 na kuendelea, waligawanywa kwa bahati nasibu katika mifuatano minne ya AstraZeneca na Pfizer. Wengine walichomwa dozi ya pili baada ya wiki nne, wengine baada ya kumi na mbili. Matokeo ya wale 463 wa wiki nne yalichapishwa katika jarida la Lancet. Siku 28 baada ya dozi ya pili, wastani wa kingamwili dhidi ya mwiba ulikuwa hivi: Pfizer kisha Pfizer 14,080. AstraZeneca kisha Pfizer 12,906. Pfizer kisha AstraZeneca 7,133. AstraZeneca kisha AstraZeneca 1,392.

Nilizisoma namba hizo nikasimama. Kadi yangu ilikuwa mstari wa pili, mara tisa ya mstari wa mwisho. Nilipiga picha ya jedwali, nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp bila maelezo yoyote, kama mtu anayetuma matokeo ya mechi.

Nilikuwa nimekurupuka. Rudi uziangalie tena. Kama kuchanganya ndiko kungekuwa na nguvu ya ajabu, mistari miwili ya kati ingekuwa juu ya mingine yote. Haikuwa hivyo. Aliyeongoza kwa kingamwili hakuchanganya chochote. Na mifuatano miwili iliyochanganywa, yenye chanjo zilezile, ilipishana karibu mara mbili kwa sababu moja tu: ipi ilitangulia. Kinachoonekana kwenye jedwali hilo ni kwamba mRNA ni nzuri sana kwa kuzalisha kingamwili, hasa ikiwa ndiyo inayomalizia, na kwamba AstraZeneca mbili zikifuatana kwa wiki nne tu hazipati nafasi ya haki.

Hilo la wiki nne si dogo. Mapema mwaka huohuo data za AstraZeneca yenyewe zilionyesha kwamba dozi mbili zikipishana chini ya wiki sita ufanisi ulikuwa karibu asilimia 55, na zikipishana wiki 12 au zaidi ulipanda hadi karibu asilimia 81. Kwa mwendo wa wiki nne, 1,392 ni namba ya chanjo iliyokimbizwa. Watu walioitumia kuwacheka wenye AstraZeneca mbili walisahau kwamba wengi wa hao walisubiri miezi mitatu.

Palikuwa na sehemu nyingine ya jaribio hilo ambayo haikuenda mbali kwenye vichwa vya habari, na kwangu ndiyo iliyokuwa tamu zaidi. Kingamwili ni nusu ya hadithi. Kuna seli T, ambazo hazizuii kirusi kuingia lakini huzisaka seli zilizokwisha kuambukizwa na kuziua, na ndizo zinazosaidia sana mtu asifike hospitali. Walipozipima seli T, aliyeongoza hakuwa Pfizer mara mbili. Alikuwa AstraZeneca kisha Pfizer. Huko mchanganyiko ulishinda kwa haki yake, na unaelekeana na kile tunachokijua: wabebaji wa adenovirusi wana kipaji cha kuamsha seli T, mRNA ina kipaji cha kupandisha kingamwili, na aliyepata vyote amepata urithi wa pande mbili.

Hispania walifanya jaribio lao, CombiVacS, kupitia Taasisi ya Carlos III. Watu 676 wa kati ya miaka 18 na 60 waliokwisha kuchomwa AstraZeneca moja. Theluthi mbili walipewa Pfizer, theluthi moja waliachwa wasubiri. Ndani ya siku 14 kingamwili za waliochomwa zilipanda kutoka takriban vipimo 71 hadi zaidi ya 7,700. Ni mruko wa kutia kizunguzungu, ila ulinganisho wake ulikuwa na watu wasiochomwa chochote. Jaribio lilithibitisha kwamba Pfizer baada ya AstraZeneca inaamsha kinga kwa nguvu. Halikuuliza kama ni bora kuliko AstraZeneca ya pili, wala halikujibu. Nimeona makala nyingi zikilitaja kana kwamba lilijibu.

Wamarekani nao, kwa dozi ya nyongeza, walijaribu michanganyiko tisa kwa mpigo: watu 458 waliokwisha kumaliza Moderna, Pfizer au Johnson & Johnson, kila kundi likigawanywa kupata mojawapo ya hizo tatu. Walioongezewa chanjo ileile waliona kingamwili zinazozima kirusi zikipanda kati ya mara 4 na mara 20. Waliobadilisha, kati ya mara 6 na mara 73. Sabini na tatu! Lakini "mara ngapi" ni kipimo chenye hila. Mwenye kitabu kimoja akinunua tisa amezidisha mara kumi. Mwenye vitabu mia akinunua mia nyingine amezidisha mara mbili, na bado maktaba yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Mruko wa juu kabisa ulitokea kwa walioanza na dozi moja ya Johnson & Johnson na kuongezewa Moderna. Walikuwa wameanzia chini. Haipunguzi thamani ya kupanda kwao, na kwao hasa ushauri wa kubadilisha ulikuwa na maana kubwa, maana walioongezewa Johnson & Johnson ya pili ndio waliobaki na ule mruko wa mara 4. Oktoba 2021 mamlaka za Marekani ziliruhusu nyongeza ya aina tofauti na ya mwanzo.

Sasa nirudi kwenye ile picha ya jedwali niliyoituma.

Aliyeijibu wa kwanza alikuwa binamu yangu, mtu wa AstraZeneca mbili, na hakujibu kwa maneno. Alituma picha ya karatasi ya maabara. Alikuwa amelipia kipimo cha kingamwili. Namba yake: 2,000 na ushee. Chini yake akaandika, "Leta yako tuone."

Nisingekwenda kama si hilo neno "leta". Nikaenda, nikatoa damu, nikalipa. Yangu ikaja 1,100. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiitazama karatasi kama mwanafunzi aliyeambiwa amefeli somo ambalo amelifundisha wenzake. Binamu alicheka kwa siku mbili. Alianza kuniita "mchanganyiko".

Dada yangu, ambaye kazi yake ni maabara na ambaye kwa kawaida hukaa kimya kwenye kundi hilo mpaka mtu aandike upuuzi uliovuka kiwango, ndiye aliyeuliza: "Kipimo gani?" Hatukuelewa. Akafafanua: herufi ndogo zilizo mbele ya namba. Ya binamu ilikuwa AU. Yangu ilikuwa BAU.

Kumbe kila kampuni inayotengeneza mashine za kupimia kingamwili ilianza na kipimo chake yenyewe, kama vile kila fundi angekuwa na mita yake. Mwishoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo cha rejea ili namba ziweze kulinganishwa, na hicho ndicho BAU. Ili kugeuza AU za mashine ya Abbott ziwe BAU unazidisha kwa 0.142. Elfu mbili za binamu zikawa 284.

Nikaanza kuandika ujumbe mrefu wa ushindi. Dada akanitangulia: "Na ulipima lini baada ya sindano?" Mimi wiki tatu. Binamu miezi minne. "Basi nyote wawili mmetupa hela." Kingamwili hufika kileleni wiki chache baada ya dozi, kisha hushuka, kwa kila mtu na kwa kila chanjo. Hiyo si hitilafu. Mwili haukai na jeshi zima barabarani wakati hakuna vita. Unabaki na seli za kumbukumbu zinazoweza kuliita tena. Kunilinganisha mimi wa wiki ya tatu na binamu wa mwezi wa nne ni kumpiga picha mmoja akiwa kilele cha mlima na mwingine akiwa njiani kurudi, kisha kubishana nani mrefu.

Namba zile kumi na nne elfu na kumi na mbili elfu na moja elfu ni wastani wa makundi yaliyopimwa siku ileile, kwa mashine ileile, baada ya muda uleule. Ndani ya kila kundi watu walitofautiana sana: umri, magonjwa, aliyewahi kuugua bila kujua. Ndiyo maana watafiti hutumia wastani wa jiometri, ili watu wachache wenye namba za kutisha wasiwavute wengine wote. Na tena, 14,080 na 12,906 ni tofauti ndogo kuliko inavyoonekana, kwa sababu kwenye kingamwili kinachohesabika ni kuzidisha, si kujumlisha. Mara tisa ni habari. Asilimia tisa ni kelele.

Nilichokuwa nikikitafuta kwenye karatasi yangu ni neno "salama", na hakuna maabara inayoliandika. Watafiti walionyesha kwamba, kwa jumla, chanjo zenye kingamwili nyingi zinazozima kirusi ndizo zenye ufanisi mkubwa. Uhusiano upo, na ni wa kweli, lakini ni wa makundi. Haukupatikana mstari mmoja ambao ukiuvuka mtu mmoja mmoja anaambiwa sasa huugui.

Kwa hiyo swali la mama, likitafsiriwa vizuri, lilipaswa kujibiwa na watu walioumwa na wasioumwa, si na mirija ya damu. Majibu hayo yalikuja baadaye na taratibu zaidi, kama ilivyo kawaida ya majibu ya maana. Uswidi walifuatilia rekodi za mamia ya maelfu ya watu mwaka 2021. Kupunguza ugonjwa wenye dalili: AstraZeneca mbili asilimia 50, AstraZeneca kisha Pfizer 67, AstraZeneca kisha Moderna 79. Ona jinsi mara tisa ya damu ilivyogeuka pengo la kawaida la kibinadamu. Pengo lipo, linaelekea upande uleule, lakini halina fujo za maabara. Mtu mwenye AstraZeneca mbili hakuwa uchi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Chile, kwa sababu unahusu chanjo ambayo nchi nyingi zisizo tajiri ziliitegemea. Walikuwa wamechoma watu mamilioni kwa CoronaVac ya Sinovac, ambayo ni kirusi kizima kilichouawa, ufundi wa zamani na mnyenyekevu. Kwa nyongeza wakatumia tatu tofauti. Dhidi ya ugonjwa wenye dalili, waliopata CoronaVac ya tatu walifikia asilimia 78.8, waliopata AstraZeneca 93.2, waliopata Pfizer 96.5. Tazama AstraZeneca hapo. Ile ile iliyokuwa mkiani mwa jedwali la Oxford, ikiwekwa juu ya msingi wa aina nyingine, inakaribiana na Pfizer. Brazili nao walikuwa wamepima damu kwa watu wa CoronaVac mbili, na walikuta mfuatano unaofanana: nyongeza ya ileile ilipandisha, nyongeza ya nyingine yoyote ilipandisha zaidi. Kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa wanaochanganya, na haikutoka kwenye mjadala wa Pfizer na AstraZeneca uliotumeza wote.

Na ilikuwa na maana ya kiutendaji. Mzigo ukichelewa, kituo chenye chanjo nyingine kwenye jokofu hakikulazimika kumrudisha mtu nyumbani. Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliokubali ufuatanishaji wa aina tofauti, likitaja upungufu wa usambazaji waziwazi. Miezi mitano kabla yake mwanasayansi mkuu wake, Soumya Swaminathan, alikuwa ameonya, na kauli yake ikasambaa kana kwamba anapinga kuchanganya. Alichokuwa anakipinga ni watu kujiamulia wenyewe dozi ya pili, ya tatu, ya nne. Mimi na binamu, tukiwa na karatasi zetu mkononi, ndio hasa aliokuwa akituogopa.

Halafu ikaja Omikroni, iliyotangazwa Novemba 2021, ikiwa na mabadiliko mengi kwenye mwiba kuliko tulivyozoea. Kingamwili zetu zote, za mchanganyiko na zisizo za mchanganyiko, zilikuwa zimefunzwa kwa sura ya kirusi cha kwanza cha Wuhan, na uwezo wake wa kukizima kirusi kipya ulishuka sana. Seli T zilishikilia vizuri zaidi, kwa sababu zinatambua vipande vingi vya mwiba na si vyote vilivyobadilika. Na mimi, mwenye BAU 1,100, mwenye picha ya jedwali, nikaugua. Siku tatu kitandani, koo kama limepigwa msasa, basi. Binamu, ambaye alikuja kunitazama kupitia dirishani akiwa amevaa barakoa na tabasamu lililoonekana hata nyuma ya barakoa, hakuugua msimu ule. Sina cha kukisema kuhusu hilo kisayansi. Watu wawili si utafiti. Lakini ameshaniambia mara nyingi kwamba yeye anauona kuwa ni utafiti.

Kuna kitu kimoja nilikiruka, nacho ndicho ambacho mama angependa aambiwe mapema. Kabla hata Com-COV hawajatoa namba za kingamwili, Mei 2021, walitoa namba za usumbufu. Waliochomwa AstraZeneca kisha Pfizer, asilimia 34 waliripoti kuhisi homa baada ya dozi ya pili. Waliorudia AstraZeneca, asilimia 10. Waliotoka Pfizer kwenda AstraZeneca, asilimia 41. Waliorudia Pfizer, asilimia 21. Uchovu, baridi na maumivu ya kichwa vilipanda pia. Vilikuwa vya siku moja mbili na hakuna aliyelazwa kwa ajili yake, ila vilikuwepo. Watafiti walishauri hata kituo kisichanje wafanyakazi wa wodi moja siku moja. Mimi usiku wa Pfizer yangu nilitetemeka chini ya blanketi mbili nikijiambia kuwa ni ubaridi wa hewa.

Mama alikuwa na AstraZeneca mbili. Zamu yake ya nyongeza ilipofika nilimpeleka mwenyewe. Muuguzi alipotaja jina la chanjo, mama aligeuka akaniangalia, kisha akamuuliza, "Hii ni ile nyingine?" Akajibiwa ndiyo, mama, ni nyingine. Akaomba iandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa, asiye na miwani aisome. Akachomwa. Njiani kurudi hakusema kitu.

Saa nane za usiku simu yangu ikalia. Nilishtuka, nikapokea kabla sijafungua macho. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye meno yanayogongana.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Mwili haujachanganyikiwa," akasema. "Umekasirika tu. Zile parasetamoli uliziweka wapi?"